Pejo ya Papa Kambale na Ambreyaji ya Goti

Juzi mmoja wenu alinipigia simu hapa Buleusa, nikiwa shambani kwenye mihogo. "Papa Bauma," akasema, "tuko na mutuka ya otomatiki, bwati yake ya vitesi ilikufa. Tunaweza kuitosha tuweke ya manuele?" Nikamjibu kwamba kuitoa inawezekana, na kabla sijaongeza neno mtandao ukakatika, kama kawaida yake huku Walikale mvua inapokaribia. Tangu hapo sijatulia. Nimemwachia mtoto wa watu "inawezekana" tupu, na ninawajua ninyi vijana wa garaji. Saa ile ile alikuwa ameshaingia chini ya gari na funguo mkononi.

Basi nawaandikia wote, mumsomee na yeye. Mimi kazi nimeiacha, mgongo umekataa kulala chini ya magari. Kichwa, lakini, bado kinalala huko kila siku. Nikisikia gari likipanda kilima naacha jembe nisikilize kama dereva anabadili vitesi, yaani gia, kwa wakati wake. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa.

Nianze na kitu ambacho hamkioni mkiwa na haraka. Nilipokuwa bado najifunza, pale Karuba, kando ya barabara, mwalimu wangu alikuwa Papa Hangi. Alikuwa Muhunde mrefu mkavu, aliyejifunzia ufundi kwenye matrekta ya shamba la wazungu, na hakuwa na tabia ya kujibu maswali. Ukimwuliza, anakuuliza. Siku moja alipata konvertiseri iliyokufa, lile dude la chuma la mviringo kama sufuria iliyofunikwa, linalokaa kati ya moteri na bwati ya otomatiki. Nikamwuliza ndani kuna nini. Akanipa msumeno.

"Kata, tuone."

Nilikata hadi viganja vikatoa malengelenge. Lilipofunguka nikakuta mapangaboi mawili yanatazamana, na katikati hakuna kitu. Hayagusani. Nikageuza, nikachungulia, nikatafuta kinachoyaunganisha.

"Papa, hii inashikana namna gani?"

"Ulimwaga nini wakati wa kukata?"

"Mafuta."

"Sasa?"

Nilikaa chini. Kumbe pangaboi moja linazungusha mafuta, na mafuta yanazungusha la pili, na gari zima na watu wake na magunia yao linasukumwa na mafuta tu. Jioni nilikoroga maji kwenye sufuria ya mama na kijiko, nikadondosha jani la muhogo nilione likizunguka bila kuguswa. Mama akaniuliza kama nina njaa. Hadi leo nikilikumbuka jani lile nafurahi.

Nawaambia haya kwa sababu ukielewa kitu kilikuwa kinafanya nini, ndipo unajua ukikitoa ni kazi gani zimebaki bila mwenyewe. Bwati ya otomatiki hufanya kazi nyingi kimyakimya. Ukiiondoa, kila moja ya kazi hizo lazima ipate wa kuifanya, na kazi kubwa kuliko zote inauangukia mguu wa kushoto wa dereva, ule wa kukanyaga ambreyaji, yaani klachi. Mimi hilo nilikuwa nalijua vizuri kabisa hadi alipokuja mtu ambaye mguu huo hakuwa nao.

Alikuwa Papa Kambale, mfanyabiashara Mkatoliki kutoka upande wa Butembo, mwenye duka la bati, misumari na sabuni pale pale Karuba. Polio ilimpata akiwa mtoto, mguu wa kushoto ukakauka kuanzia goti kwenda chini. Alitembea kwa fimbo. Lakini alikuwa na Pejo 504 ya otomatiki, ya rangi ya maziwa, ya zamani kuliko baadhi ya wake zenu, na humo alikuwa bwana. Otomatiki inaendeshwa kwa mguu wa kulia peke yake. Alikuwa anakwenda nayo Mushaki, Sake, anateremka hadi Goma, anasimama sokoni, anashusha kioo, na biashara inafanyika dirishani. Mtu akimwona pale haoni fimbo, anaona sura na kofia.

Siku aliyoileta ilikuwa inavutwa na kamioni ya viazi. Papa Hangi wakati huo alikuwa mzee, kazi amenikabidhi, ila kila asubuhi alikuja na kiti chake kidogo akakaa mlangoni pa garaji kutuuliza maswali.

"Fundi," Papa Kambale akaniambia, "moteri inalia vizuri, lakini mutuka haitembei. Sawa vile muntu anasema 'niko nakuja', kisha anabakia tu mu nyumba."

Nilifungua kizibo cha mafuta ya bwati. Yalikuwa meusi na yananuka kama ugali ulioungua. Nikajua ndani hakuna kilichobaki, lakini sikuelewa kwa nini, maana mtu huyu alilitunza gari lile kama yai. Papa Hangi akauliza kutoka kitini:

"Kaka, ku mutelemuko ya Mushaki unashukaka namna gani?"

"Nazima kontakti, Papa. Nashuka bule. Nichome esansi juu ya nini, na mulima njo inanivuta?"

Vijana, tabia hiyo mnaijua, na wengi wenu mnayo. Milima yetu inamfundisha mtu ubahili wa petroli. Na Papa Kambale alikuwa na sababu zaidi: ujana wake wote alisukuma chukudu, akibeba maharagwe kutoka Muheto. Chukudu ni mbao na magurudumu mawili, moteri haina, ukifika kwenye mteremko unapiga goti juu yake na mlima unafanya kazi. Alipopata Pejo akaishusha hivyo hivyo. Gari la manuele litakusamehe, ingawa freni zinakuwa ngumu na siku moja zitakuua. Otomatiki haisamehi. Pompi inayopeleka mafuta ndani ya bwati inazungushwa na moteri. Ukizima moteri, magurudumu yanaendelea kuizungusha bwati nayo ni kavu. Kila alipookoa esansi alikuwa anaikaanga bwati yake.

Nilitafuta bwati nyingine ya otomatiki kwa kila fundi niliyemjua. Haikuwepo. Ya manuele ilikuwepo, kwenye 504 iliyogongwa, nyuma ya nyumba ya jamaa mmoja Sake. Nikamweleza Papa Kambale kwamba Pejo itatembea tena, na kwamba atatafuta shofa wa kumwendesha. Nilisema kama jambo dogo. Watoto wake wakubwa walikuwa wameshamshauri hivyo hivyo, akae nyuma apumzike.

Aliizungusha fimbo mkononi.

"Nikikaa nyuma," akasema, "fasi yote, kila pahali tutafika, shofa atanifungulia mulango, atanishika mukono. Bantu bataangalia muguu mbele ya kuniangalia mie. Nilitoka mu ile maisha, fundi. Sitaki kurudia mu ile."

Nilimwambia aniachie gari nifikiri, na kwa kweli nilitaka tu aondoke, kwa sababu niliona haya.

Tuliitoa bwati. Hapa sikilizeni wewe uliyepiga simu na wenzako. Kwanza, nyuma ya moteri ya otomatiki kuna sahani nyembamba yenye meno ya demareri, ile starta ya kuwashia moteri. Hiyo haibebi diski ya ambreyaji. Lazima uchukue lile gurudumu zito la chuma kutoka gari la manuele, pamoja na bulo zake za kulifungia, kwa sababu za otomatiki ni fupi. Pili, chungulia katikati ya kichwa cha krankshafti. Ncha ya shafti ya bwati ya manuele inapumzika mle, ndani ya rulma ndogo, yaani beringi, na kwenye otomatiki rulma hiyo hawakuiweka. Fundi mmoja wa Sake aliisahau, akafunga kila kitu, gari likaimba kwa kilio hadi likala shafti. Tatu, urefu wa bwati hizi mbili haulingani, kwa hiyo chukua na bomba la nyuma na shafti iliyomo kutoka gari lile lile. Usikate, usiunge. Kuunga shafti ni kutafuta msiba.

Tulifunga vyote hivyo, pamoja na kikanyagio cha ambreyaji kutoka gari lile la Sake, nikageuza kontakti. Kimya. Demareri haikukohoa hata kidogo. Tukalaumu bateri, tukaazima nyingine kwenye kamioni. Kimya. Jirani mmoja akasema Pejo imekasirika kubadilishwa tumbo. Tukaisukuma hadi kando ya barabara kupisha magari mengine, na mimi nikajifungia ndani kusoma waya kwa taa ya simu. Papa Hangi alikuja taratibu akaweka kiti kando ya mlango wa gari.

"Ile fili ya demareri inaendaka wapi?"

"Ku kontakti, Papa."

"Inaenda yenyewe, ao inapita kwa muntu?"

Nikaufuata ule waya kwa vidole. Ulikuwa unapita kwenye fimbo ya zamani ya vitesi vya otomatiki, kwa sababu gari la namna ile halikubali kuwaka likiwa ndani ya vitesi. Fimbo tulikuwa tumeitupa kwenye kona, na waya ulikuwa umekatikia hewani ukisubiri ruhusa. Niliunganisha ncha mbili, na moteri ikawaka mara moja. Papa Hangi alikunja kiti chake akaenda kula. Kumbukeni kwamba kuanzia hapo gari linaweza kuwaka likiwa ndani ya vitesi na kuruka mbele, kwa hiyo mfundisheni mwenye gari kuhakikisha kwanza kwamba vitesi vimetolewa.

Sasa Pejo ilikuwa nzima na haikuwa na dereva. Nilifikiria kupeleka ambreyaji mkononi, kwa kebo kama ya pikipiki. Lakini mkono wa kulia unabadili vitesi na wa kushoto unashika usukani, na kwenye kona za Mushaki hakuna Mkristo anayeachia usukani. Nilizunguka lile gari hadi mbuzi wa jirani wakanizoea.

Aliyenifungua akili ni Mama Masika, mke wa Papa Kambale. Alikuja kuangalia kazi imefika wapi, nami nikamwuliza, kwa udadisi tu, mume wake aliwezaje kusukuma chukudu na mguu ule.

"Aa, fundi, ule muguu si wa kufa yote," akasema. "Ku chukudu alikuwa anapiga goti ya kushoto juu ya mbao, anasukuma na ya kulia. Goti yake iko nguvu. Usiku akiota ndoto ananisukuma nayo, naanguka chini."

Kesho yake nilimwita Papa Kambale, nikamkalisha kwenye benchi, nikapiga magoti kando yake na kuweka mikono miwili kwenye goti lake la kushoto upande wa nje. "Sukuma," nikamwambia. Alidhani namtania, akasukuma kwa aibu. Nikamwambia asukume kama vile mimi ni gunia la maharagwe lililomwangukia. Nikajikuta nimekaa ndani ya beseni la mafuta machafu. Papa Hangi, ambaye sikuwahi kumwona akicheka na meno, siku hiyo nilihesabu mapengo yake.

Kwa hiyo tulitengeneza mtaimbo wa chuma uliosimama kando ya kiti chake, upande wa mlango, na juu yake tukafunga pedi ya mpira wa tairi, kama ile ya kupigia goti kwenye chukudu. Goti likisukuma nje, mtaimbo unavuta fimbo nyembamba ya chuma, nayo inashusha kikanyagio cha ambreyaji. Kikanyagio chenyewe tulikiacha mahali pake, ili mtu mwingine aweze kukitumia kwa mguu.

Kwenye kuchora ilikuwa safi. Kwenye gari, mtaimbo wa kwanza ulikuwa mfupi, na goti lilitetemeka hadi likachoka. Nikatengeneza mrefu. Ukawa laini kama siagi, lakini goti lilikuwa likigonga mlango kabla ambreyaji haijaachia, na vitesi vikalia krrr mpaka meno yangu yakauma. Hapo nikaelewa, kwa mwili siyo kwa kitabu, kwamba ulaini unalipiwa kwa umbali. Ukitaka kusukuma kwa wepesi, lazima usukume mbali, na mlango hauna mbali.

Nikasema tutoe ngozi yote ya mlango na mashine ya kioo, tupate nafasi. Papa Kambale akakataa palepale.

"Kioo itabakia, fundi. Ile dirisha njo duka yangu."

Basi tukakata ngozi kidogo tu, chini ya kishikio, tukaacha shimo la kuingia goti, na kile kipini cha kuzungushia kioo tukakigeuza kitazame juu. Kisha nikatoboa matundu mengi kwenye mtaimbo, moja juu ya jingine, na pini moja. Tukaanza kuhamisha pini. Tundu hili gumu, lile la mbali, hili gumu kidogo, lile karibu. Papa Kambale alisukuma hadi shati likalowa, nami nikilala chini nikitazama ile fimbo ya chuma inavyotembea. Tulipofika kwenye tundu moja la katikati alisukuma mara kadhaa, akajiweka sawa, akasukuma tena.

"Hapa," akasema. "Hapa njo kwangu."

Ninyi mkiwa na kifaa cha kumpimia mtu mwingine, fanyeni hivyo. Msimpangie. Mtoboleeni matundu achague.

Tulikwenda kuijaribu kwenye kilima cha kupanda Mushaki, asubuhi, mimi nimekaa kando yake na sanduku la funguo nyuma. Kwenye tambarare aliiendesha. Ilirukaruka kama ndama, lakini ilikwenda. Katikati ya kilima nikamwambia asimame aanze tena, kwa sababu anayeshindwa kuanza kwenye kilima huku kwetu hana gari. Alisimama. Alipotaka kuondoka ikazimika. Akawasha, ikazimika tena na kurudi nyuma kidogo, akavuta freni ya mkono. Wamama waliokuwa wanashuka na mizigo ya viazi wakasimama kutazama.

"Papa Kambale," mmoja akaita, "ushuke tukusukume."

Wakacheka, bila ubaya. Lakini nilimwona jasho linamtoka chini ya kofia, na mkono wake ukashika fimbo yake ya kutembelea iliyokuwa kati ya viti, kama mtu anayejiandaa kushuka. Niliwaza kwamba akishuka hapo mbele ya wale wamama, hatapanda tena gari hili, hata nikilifunga kwa dhahabu.

"Usiangalie inje," nikamwambia. "Acha goti irudie polepole, mpaka pua ya mutuka inainuka kidogo. Ikiinuka, ukae hapo. Usikimbie. Iache ikungoje."

Aliachia fimbo. Akawasha. Nikaona goti likirudi taratibu kutoka mlangoni, na boneti ikanyanyuka kidogo, na goti likatulia pale pale likitetemeka. Kisha akashusha freni ya mkono, na Pejo ikapanda. Wamama wakapisha. Tukafika juu kabisa, kwenye tambarare.

Hapo akasimama.

"Kaka, shuka kidogo."

Nilidhani amesikia kitu kinagonga nyuma. Nikashuka, nikainama kutazama gurudumu. Yeye akajinyoosha, akavuta mlango wangu akaufunga. Akaniangalia kupitia kioo, akagusa kofia, akaondoka.

Nilibaki nimesimama barabarani na kitambaa cha mafuta mkononi. Nilimsikia akitoa vitesi ya kwanza, kimya kidogo, ya pili ikaingia bila kulia. Baadaye, ng'ambo ya kona, ya tatu. Nilisubiri arudi. Nikasubiri tena. Mvua ikaanza, nikakifunika kichwa kwa kitambaa na kushuka Karuba kwa miguu, nikichekacheka peke yangu hadi wachunga ng'ombe wakanisalimu kwa tahadhari.

Mama Masika alikuwa amesimama mlangoni pa duka. Tangu Pejo ife, mume wake alikuwa anakaa humo ndani kwenye kiti kimoja, toka asubuhi hadi kufunga. Aliponiona nimelowa, peke yangu, akashika kifua.

"Fundi, Papa Kambale iko wapi?"

"Sijui, Mama."

"Namna gani, haujui?"

"Alinishusha, akaenda. Hakusema fasi anaenda."

Kisha akakaa pale pale kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa kitenge, na mabega yakaanza kutikisika, nikashindwa kujua analia au anacheka. Alipoondoa kitenge alikuwa anafanya vyote viwili.

"Hakusema fasi anaenda," akarudia, polepole, kama anaonja maneno. Akainuka kwenda kumwekea chakula cha kuchelewa.